Moto wa Mlimani na Mtungi wa Mama

Kiangazi kile maji ya nyumba yetu yalikuwa yanazeeka kabla ya kumwagwa. Yaliosha kwanza majani ya muhogo ya kupika sombe, yakaosha miguu ya watoto, yakafua matambara, na mwishowe, yakiwa meusi tititi, mama yangu aliyabeba kwenye beseni na kuyamimina kwenye mashina ya migomba nyuma ya nyumba yake. Ole wako umwage hata kikombe pembeni. Uwanja ni wangu, pipa nililinunua mimi, lakini katika mambo ya maji nilikuwa mpangaji tu.

Mama alitufikia Bunia kutoka upande wa Fataki, baada ya watu wenye silaha kuitia moto nyumba yake. Alikuja na kitenge alichovaa na mtungi wa udongo mgongoni, basi. Nilimjengea kijumba cha udongo nyuma ya nyumba yangu, chini kabisa ya mlima. Mabati aliyakataa katakata. Yanampika mtu mchana, alisema, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Akataka paa la majani kama la kwao, nikakubali. Lakini hata baada ya kuhamia humo, mtu akimuuliza anakaa wapi alijibu, "Niko kwa mutoto." Hakuwahi kusema ana kwake. Jibu hilo liliniuma kila nilipolisikia, na sikujua la kufanya.

Kila asubuhi alishika jembe na kuparua udongo kuzunguka kijumba chake na nyumba yangu, mpaka pakawa na mkanda mpana usio na hata unyasi mmoja. Nilimtania kwamba anatutengenezea uwanja wa ndege.

"Cheka tu," alisema bila kuinua kichwa. "Mulima ule iko karibu."

Mabomba ya mtaa yalikuwa yanakohoa hewa tu, kwa hiyo sote tulishuka kwenye chemchemi ya bondeni, na huko adabu zetu zilikauka pamoja na maji. Siku moja jirani yangu, mama mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, alisogeza bidoni lake la kuchotea maji mbele ya langu. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Naye si mtu wa kumwachia mwingine neno la mwisho. Tangu hapo tukawa tunapishana njiani, kila mmoja akiangalia viatu vyake.

Moto ulikuja mchana. Sijui nani aliuwasha. Kila kiangazi kuna mtu anachoma majani ya mlimani ili ng'ombe wapate mapya, halafu moto unamponyoka. Kwanza niliona mwewe wengi wakizunguka mbele ya moshi, wakidaka panzi waliokuwa wanakimbia. Kisha nikausikia, mlio wa vitu vingi vikavu vikivunjwa kwa pamoja. Kisha ukatokea juu ya mgongo wa mlima, mstari mmoja mwekundu kutoka upande huu hadi ule, ukaanza kushuka. Nimeishi chini ya mlima ule tangu nilipoolewa, na siku hiyo nilisimama mdomo wazi kama mgeni. Ulikuwa mzuri. Naona haya kusema hivyo, lakini ulikuwa mzuri na mkubwa, na mimi nilikuwa kitu kidogo sana mbele yake, na kwa muda nilisahau kuogopa.

Nilipokumbuka, niliwatuma watoto barabarani nikakimbilia kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi mlangoni, mtungi katikati ya magoti.

"Mama, twende."

"Nilishakimbia moto moja," alisema. "Ile ilikuwa ya watu. Hii ni ya majani. Hii sitakimbia. Weye ufuate batoto."

Nikamvuta mkono. Akajifanya mzito. Nilijua hatanyanyuka, na paa lile lilikuwa kavu kabisa. Nikachota maji kwenye pipa na kuyarusha juu. Yalifika ukingoni tu, yakarudi kunilowesha mimi.

"Yaya, dada yangu, shika hapa," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa yule jirani wa Butembo, bidoni moja kichwani na jingine mkononi. Alinikabidhi la mkononi, akapanda juu ya meza yangu ya uani bila kuuliza, na akaanza kumwaga kutoka juu, taratibu, ili majani yanywe. Nyuma yake uwanja ulijaa watu wa avenyu yetu nzima, juu hadi chini, wale wale wanaoshikana mashati bondeni kwa ajili ya kikombe. Walileta maji yote waliyoyapandisha tangu alfajiri. Bidoni baada ya bidoni yalikwenda juu ya paa la mwanamke mzee ambaye wengi wao hawakujua hata anaitwa nani.

Wanaume walikata migomba ya mama, wakachukua vigogo vyake vinene kwenda kuupiga moto. Vilidondosha maji njia nzima. Maji yote ya sombe na ya miguu yalikuwa humo.

Mtu mmoja alinyoosha mkono kuuchukua mtungi. Mama akaufunika kwa kiganja.

"Hii hapana. Hii ni ya kunywa."

Nusura nimpigie kelele.

Moto ulifika kwenye udongo mtupu na kusimama. Ulitafuta pa kupita. Cheche ziliruka juu ya paa, zikalia kidogo kwenye majani yaliyolowa, zikafa. Pembeni watu waliupiga mpaka ukalala. Halafu tukasimama, majivu yakitushukia mabegani, na mlima mzima mweusi mbele yetu. Nilikuwa nimeushangaa ule moto, lakini niliwatazama watu wale, midomo imepasuka, mabidoni matupu miguuni, na nikaona kwamba kando yao moto haukuwa kitu. Nililia mbele yao wote.

Katika avenyu nzima hapakuwa na tone la kunywa. Ndipo mama alipofunua mtungi. Alichota kikombe cha kwanza na kumpa jirani wa Butembo, kwa mikono miwili. Nami nikanyoosha mkono, koo linawaka.

"Weye ngoja," akaniambia. "Wageni kwanza."

Jirani alikunywa, akafuta midomo. "Aksanti, koko, bibi yetu. Kesho tutapita kukusalimia kwa binti yako."

"Kwa binti ni kule kwa mabati," mama alisema, akichota tena. "Hapa ni kwangu."

Nikarudi nyuma ya mstari wa watu, nikasimama mlangoni pake kungoja zamu yangu.