Yai la Kuongezea

Shangazi yangu Frida, wa Ringwani, hawezi kuuza kitu bila kuongeza. Ukinunua mahindi kwake, debe litajaa, halafu atatia viganja viwili juu. Akipima maziwa, chupa itafurika mpaka mkono ulowe. Anasema mtu akiondoka kwako na kipimo kitupu ni kama umemfukuza.

Nelson alipomwomba mayai, Shangazi alimtendea hivyo hivyo. Nelson ni kijana wa Tarime anayesoma chuo. Alipanga chumba jirani na kwetu, akaweka mashine ya kutotolea, lakini hakutaka vifaranga. Alituambia anatafiti seli shina, zile chembe changa ndani ya yai ambazo bado hazijawa damu wala moyo wala mfupa. Anataka kuona zinavyogeuka. Yai linakaa kwenye mashine siku tatu, analipasua taratibu, analitazama kwa darubini, anaandika. Alihitaji mayai ya kienyeji ambayo kuku hajayalalia. Shangazi akasema hayo anayo. Jirani yetu Magige akamwuliza Shangazi kama siku hizi naye anasomea udaktari wa mayai. Shangazi akamjibu kwamba yeye angalau anasomea kitu.

Kila Jumatatu alimpelekea kumi na mawili, na karibu kila mara la kuongezea juu yake. Kwa kuwa yale mapya yalikuwa yameisha, hilo moja alilichomoa chini ya kuku aliyelalia. Kwake yai ni yai. Nelson alipokea kikapu, akashukuru, akayaweka yote kwenye mashine. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Kisha mwalimu wake, Daktari Beatrice, akaja kutoka Mwanza kukagua. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba na daftari la Nelson, na kadiri alivyofunua kurasa uso ulizidi kukunjamana. Karibu kila wiki kulikuwa na yai la siku tatu lenye kiumbe mkubwa kuliko wenzake, macho na miguu tayari. Mmoja alikuwa ameshaota manyoya. Akasema kwa upole kwamba ama Nelson amechanganya tarehe, ama anaandika bila kutazama. Daftari haliaminiki. Kazi itafungwa, aanze upya mwakani, mahali pengine.

Nelson hakujitetea sana. Alisema labda mashine ilizidisha joto.

Shangazi alikuwa amewaletea chai. Hakuna aliyekuwa akimtazama, na angeweza kurudi zake jikoni. Akaweka birika chini.

"Mwalimu, huyu mtoto muache. Ni mimi. Nilikuwa namwongezea."

"Unamwongezea nini, mama?"

"Yai. La kuku aliyelalia. Niliona aibu kumletea kumi na mawili makavu."

Daktari Beatrice akauliza ilikuwa wiki zipi. Shangazi aliacha shule darasa la nne na hakuwa ameandika popote. Akafumba macho akaanza kutaja. Wiki aliyokufa ndama wa Magige, moja. Pasaka mawili, maana ni sikukuu. Wiki ya mvua kubwa hakuongeza, kuku wote walikuwa wameshatotoa. Nelson alifunua kurasa akimfuata. Aliposema moja, lilikuwepo moja. Aliposema mawili, yalikuwepo mawili. Wiki ya mvua yote yalikuwa sawa.

Walipofika wiki ya msiba wa mzee Simioni, akafumbua macho.

"Hiyo nisikudanganye," alisema. "Nilikuwa msibani, sikumbuki nilichochukua."

Daktari Beatrice akaipiga mstari wiki ile nzima. Akarudisha daftari kwa Nelson.

"Yale makubwa yatoe kwenye hesabu, uandike na sababu. Hii moja tumeipoteza. Zilizobaki endelea nazo."

 Nelson akamsogezea shangazi nafasi kwenye benchi, wakaanza tena ukurasa wa kwanza. Walikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi zizini, shangazi akitaja, Nelson akiandika.