Alama ya Moto kwenye Friza ya Mama Nakiru

Jamani, mimi fundi wa friji hapa sokoni Lodwar nimekwisha. Mama Nakiru, muuza samaki, aliniletea friza yake mpya iliyogoma kugandisha, samaki wakianza kunuka ndani. Akanionyesha alama ya moto iliyochapwa nyuma ya friza. "Fundi, hii ni ya nini?"

Nikacheka, mjinga mimi. "Wanasema usiianike juani. Hata huko kiwandani wanalijua jua la Lodwar!"

Miaka yote nimejaza friji gesi zisizoshika moto. Basi nikakata paipu, soko likinitazama, nikawasha tochi ya gesi nichomelee. Mwali ukanirukia usoni; kumbe gesi ya friza hizi mpya hushika moto! Friza ikaungua, samaki wakaungua, nyusi zangu zikaenda.

Mama Nakiru akanipa kitambaa nijifute uso.

"Pole, fundi. Ni jua?"