Mwalimu Alipomchora Mumewe

Juzi mjini Embu nilipita karibu na fundi aliyekuwa akizimua rangi ya geti kwa tapentaini, nikasimama. Harufu ile ilinirudisha kijijini Manyatta, jikoni kwa mwalimu aliyekuwa jirani yetu, mahali nilipojifunza kuogopa uso wa binadamu. Naam, kuogopa, rafiki yangu, jinsi mtu anavyoogopa akiingia kanisani peke yake.

Mwalimu alikuwa mjane mwenye binti mmoja. Nyumba yao ya mbao iliungua na picha zote za mumewe zikateketea; haikubaki hata ile ya kitambulisho. Miaka ikapita, naye akaanza kusahau. "Jana nilishindwa kukumbuka pua yake," alimwambia mama yangu wakichuma majani ya chai, akacheka kicheko kisicho na furaha. Likizo iliyofuata alinunua rangi za mafuta.

Hakujua kuchora. Alichokuwa nacho ni kitabu kikubwa cha picha alichopewa na watawa, na ndani yake mzee mmoja aliyechorwa na Mholanzi wa karne nyingi zilizopita. Akasema huyo ndiye atakayemfundisha. Nami, kwa vile nilikuwa nikimletea maziwa kisha nakataa kurudi nyumbani, akanipa kipande cha gunia la unga kilichopakwa gundi, tujifunze pamoja.

Tulimnakili mzee yule likizo tatu. Kwanza rangi ya udongo peke yake, kama mtu anayelima kabla ya kupanda. Halafu vivuli, vyembamba. Mwishowe mwanga, mzito, mpaka paji la uso likang'aa kana kwamba lina jasho. Ukungu wa mlimani uliifanya rangi ikatae kukauka, na mukimo wa mwalimu, viazi vilivyopondwa na mahindi, ulinuka tapentaini, lakini tuliula. "Usichore jicho, mami," aliniambia. "Chora giza lililo kando yake. Jicho litakuja lenyewe."

Siku jicho lilipokuja, niliangusha brashi. Mzee wa Ulaya alikuwa akinitazama mimi, mtoto wa darasa la saba.

Ndipo mwalimu akaanza kumchora mumewe, kwa kumbukumbu tu. Hakuniruhusu kuchungulia. Alipomaliza alimwita mama mkwe wake, bibi aliyetembea kwa bakora.

Bibi aliegemeza bakora mlangoni. Kisha akaisogelea picha na kuisemesha kwa Kiembu, kama mama anavyomsemesha mwana aliyetoka safari.

"Mbona umekonda hivyo?"

Akainama karibu zaidi.

"Na kovu lako liko wapi? Lile la kuanguka kwenye mparachichi?"

Akanyoosha kidole, akamgusa kidevuni. Rangi ilikuwa bado mbichi, na ukucha wake ukaacha mstari. Mwalimu akarukia kitambaa apanguse, kisha mkono wake ukabaki hewani.

"Ndiye," akasema polepole. "Mama, sasa ndiye."

Wakashikana, wakalia.

Leo pale pana nyumba za mawe za kupangisha. Bibi alifariki, mwalimu akamfuata. Nami nachora nyuso hadi leo, kwa njia ile ile ya Mholanzi, na watu hunisifu. Lakini sijamwona tena mtu akiiuliza picha mbona imekonda. Ile ya mwalimu iko Nakuru kwa binti yake, ambaye baba yake alifariki kabla hajajua kutembea. Wageni humwambia ni kazi nzuri, ila mchoraji aliteleza kidogo pale kidevuni. Yeye huugusa mstari ule, akawakaribisha chai.