Miti Iliyobana Pumzi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, katika miaka ile ya tisini ambayo kahawa ilikuwa imekoma kutulisha, mvua za masika ziliukosa mlima. Sisi tulikaa juu, kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba na mifereji, mahali ambapo mti usio na majani ni mti uliokufa. Hatukujua mti wa namna nyingine.

Chini tambarare, ukoo wetu ulikuwa na shamba la mahindi, na kandokando yake kichaka cha mibambara, miti mifupi yenye ganda linalobanduka kama karatasi. Kiangazi kilipokaza, miti ile ilipukutisha majani yote, ikasimama uchi katika jua la adhuhuri, bila ndege wala mdudu, kimya kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Bibi, mama yake baba, alisema humo wamo warumu, roho za waliotutangulia.

"Hawajafa. Wamebana pumzi wakisubiri mvua. Atakayewakata wakiwa hivyo, watamwonyesha kuwa wanapumua."

Mwaka ule Baba Mdogo Kristofa aliazimia kuikata yote achome mkaa.

"Mama, hao wazee wako wamekufa mara ya pili," alimtania Bibi. "Hata kivuli hawana!"

"Cheka tu, Kristofa. Ganda umelikwangua?"

Baba Mdogo alichukua shoka, akateremka.

Bibi hakuwa tena na miguu ya kumfuata. Alichuma jani la isale, akalipiga fundo, akanikabidhi. Kwetu, aliyeletewa isale lenye fundo hurudi nyuma, hata kama ana hasira ya kuua.

"Mpe mkononi, mjukuu wangu. Isale halikataliwi."

Lakini nilikuwa nikijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na moyo wangu ulikuwa mgumu kwa uadilifu. Nililiona jani lile kuwa sanamu. Nikalitupa mferejini, nikalitazama likielea, nikajihesabu miongoni mwa waliobomoa madhabahu ya uongo.

Nilipofika, Baba Mdogo alikuwa hajaanza. Alikuwa ameegemea shoka, akiitazama miti.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Bibi yako amesemaje?"

"Hajasema kitu."

Akaupiga wa kwanza. Chini ya ganda palikuwa kijani kibichi, na utomvu ukatiririka ukinukia ubani, ubani uleule wa altareni. Baba Mdogo aliunusa mkono wake, kisha akaendelea, kwa kuwa aliyekwisha kuanza huona haya kuacha. Kufikia alasiri hapakuwa na mti uliosimama.

Magogo ya kwanza aliyoyachoma yalikataa kuwa mkaa. Yalitoa machozi na moshi tu. Yaliyosalia akayachimbia kuwa nguzo za uzio.

Majuma kadhaa baadaye tulishuka adhuhuri. Mbingu zilikuwa shaba, ardhi imepasuka, na uzio ulikuwa umevaa majani. Miti iliyokatwa, isiyo na mizizi, ilikuwa imesimama safu moja ikichipua bila tone la mvua, kama mifupa mikavu iliyoamriwa kuishi.

Baba Mdogo alivua kofia.

"Anjela. Kweli Bibi yako hakusema kitu?"

Nikamweleza yote. Hakunipiga. Aliketi chini kwenye vumbi, akaficha uso. Jioni hiyo alichuma isale kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea mama yake kumwomba radhi. Bibi alilipokea, kisha akanigeukia.

"Walioamka umewaona. Na ambao hawakuamka?"

Nilikuwa nimewaona. Zilikuwepo nguzo zilizobaki tupu kati ya zilizovikwa.

Leo najua kwamba mti ule huweka maji mwilini, na majani yakiisha hula mwanga kwa ganda lake. Mungu ndiye aliyeufundisha kufunga. Warumu siwaabudu. Hata hivyo, mwanamke mzee aliomba huruma, nami nikalizamisha ombi lake kwa jina la Bwana, nikiwa na uso mkavu. Dhambi hiyo nimeiungama, na bado hunijia kila ninaponusa ubani.

Zaidi ya hayo, hata mfungo una kikomo, na siku hizi ukame hufuata ukame kabla mti haujavuta pumzi. Kila kiangazi mimi hushuka tambarare, nikakwangua nguzo zile moja moja kwa ukucha. Mwaka huu tatu za mwanzo zilikuwa kahawia hadi ndani. Nikapiga magoti mbele ya nguzo ya nne, na kwa muda mrefu sikuthubutu kuigusa.