Wifi Aliyemwogesha Mwanangu

Siku ya tatu baada ya kujifungua, wifi yangu alikuwa anamwogesha mtoto chumbani kwetu Mabatini, mkono wa kulia wa mtoto ukaanza kurukaruka. Haikuwa baridi. Ulijikunja na kujikunjua wenyewe, mguu wa upande huohuo ukafuata, macho yakakodoka. Wifi akamtoa majini. "Njoo umwone mwanao!"

Hospitali walimchoma sindano, degedege likatulia, tukaruhusiwa. Sababu hawakutuambia. Mama yangu mzazi alipokuja kutoka Magu aliuliza swali moja tu: "Nani alikuwa amemshika?"

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, muuza mitumba soko la Mirongo, na hakuwa amejaliwa mtoto. Kabla ya mimba hii mbili zilikuwa zimeniharibikia, zote zimevuka miezi minne, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuja kunipikia. Niliuona wema. Sasa nikaanza kuyapanga mambo upya. Kwa nini hakuwahi kukosa? Kwa nini nguo ya kwanza ya mtoto ilitoka kwake? Niliichoma. Uji wake nikaumwaga nyuma ya choo. Akibisha hodi, nasema mtoto kalala, hata kama mtoto analia.

Miezi saba ikapita. Siku moja wifi alinikuta uani nimempakata, akampa mtoto kijiko achezee. Mtoto akakipokea kwa kushoto. Wifi akakihamishia upande wa pili. Mtoto akajipinda, akakifuata kwa kushoto tena. Ngumi ya kulia haikukunjuka.

"Wifi, mkono huu hautumii. Mpelekeni kwa daktari."

Nikajiambia: amejuaje, kama si kazi yake?

Mume wangu alitupeleka. Daktari alimpima mtoto, kisha akanigeukia mimi. Mimba ngapi zimeharibika? Mguu umewahi kuvimba? Akataka damu yangu. Nikamtilia shaka na yeye. Miaka ile zahanati za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila mtaa, na maneno ya damu za watu kuuzwa yalikuwa mengi. "Mgonjwa ni mtoto," nilisema. Mume wangu mwenyewe akaunyoosha mkono wangu. Damu ilipelekwa Dar es Salaam, na baada ya miezi mitatu wakachukua nyingine ya kuhakikisha.

"Mwanao alipata kiharusi," daktari alisema majibu yaliporudi.

"Kiharusi ni cha wazee."

"Hata kichanga hupata. Bonge la damu huziba mshipa wa ubongo."

"Nani kamfanyia?"

Akasema kinga ya mwili wangu imekosea njia, inaifanya damu igande ovyo. Huenda ndiyo iliyoharibu zile mimba, huenda ndiyo iliyomfikia mtoto tumboni. Hakuapa kuwa ndivyo. Kuna pia damu ya kuganda inayorithiwa, akasema, lakini hiyo hakuwa na kipimo chake. Tukaulize pande zote mbili.

Kwa hiyo ilinibidi niende Mirongo. Wifi alikuwa anakunja suruali. Nilimweleza, nikamuuliza kama kwao kuna aliyewahi kuganda damu.

"Kwetu hakuna," alisema, mikono haijasimama. "Ulidhani ni mimi."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Nimesikia. Kaulize kwenu."

Nikaenda Magu kumuuliza mama. Mdogo wake, alisema, alivimba mguu mmoja baada ya kujifungua, siku ya tisa akaanza kuhema, akafa. "Tulimfukuza mke mwenzie na watoto wake," alisema, kisha akainuka akaenda kuchambua mchicha.

Mwanangu anachechemea kidogo na anaandika kwa kushoto. Mimba iliyofuata daktari aliilinda kwa aspirini ndogo na sindano za kila siku, nikajifungua binti, mzima. Wifi alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, akatupongeza. Nilimwomba aingie ampakate. Alisema ameacha biashara bila mtu.