Nyumba Iliyofundishwa Kunyamaza

Kwa watu wa mtaa ule, fundi wa makochi hakuwa na jina jingine ila Kasuku, na jina hilo alilipata kwa haki. Mikono yake ilipokuwa ikivuta kitambaa na kupigilia misumari, ulimi nao ulikuwa kazini. Aliwatania wapita njia, akawapatanisha wanandoa, akamweleza kila mteja ni nani katika ukoo wake aliyekikalia kiti hadi springi zikasalimu amri. Fundi Saa, ambaye kibanda chake cha kazi kilipakana na cha Kasuku ukuta kwa ukuta, alizoea kusema kwamba Kasuku angezaliwa bubu angepasuka kama puto.

Kasuku huyo ndiye aliyemlea mwanawe wa pekee bila kumsemesha.

Chanzo kilikuwa mkutano wa wazazi. Mtoto, ambaye mtaa ulikwisha kumwita Profesa kwa ukubwa wa kichwa chake, ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Mwalimu mkuu aliwaambia wazazi kuwa nyumba huungua na mali huisha, lakini lugha ya kigeni, pamoja na mila za wenye lugha hiyo, ni mtaji ambao mtoto atakula faida yake hadi uzeeni. Kisha akatoa onyo: "Tatizo liko nyumbani kwenu. Tunachokijenga sisi asubuhi, ninyi mnakibomoa jioni. Mtoto asisikie nyumbani ila lugha ile."

Wazazi wengine walipiga makofi, wakarudi makwao, wakaendelea kupiga soga kama kawaida. Kasuku alikuwa mtu wa kipimo; ukimwambia kata hapa, hakati pale. Lugha yenyewe hakuijua. Alijaribu kujifunza, akakwama penye salamu. Basi akatoa hukumu: asiyeijua lugha ile asiseme neno mbele ya mtoto.

"Baba Profesa," mkewe akamwuliza, "nikitaka kumwita aje kula, nimpigie mluzi kama mbuzi?"

"Gonga sufuria."

"Na akiumwa?"

"Mshike paji la uso. Homa haina lugha."

"Na mimi na wewe je?"

"Tutazungumza akishalala."

"Makubwa! Wenzetu hufunga milango kuzuia wezi, sisi tunafunga midomo kuzuia nini?"

Lakini alikuwa mke mtiifu, naye pia alimtakia mwanawe makuu. Ikanunuliwa redio, ikawekwa sebuleni, ikawa ndiyo pekee yenye ruhusa ya kusema. Kasuku alimaliza maneno yake yote kazini, kisha akaingia kwake kimya kama maji mtungini. Mtoto alipolala, wazazi nao walikuwa hoi, na hatimaye wakasahau hata walichokuwa wameahidiana kuzungumza.

Haifai kuficha kwamba mpango ule ulizaa matunda. Profesa aliwapita wenzake shuleni, akapata ufadhili, akaenda kwa wenye lugha. Huko alijifunza namna wanavyotaniana, wanavyopeana pole na wanavyokataa mwaliko bila kumuudhi mwalikaji. Akapata kazi, akaoa. Kasuku aliwaonyesha wateja picha za arusi akisema, "Hilo ndilo shamba langu. Wengine walipanda mahindi."

Wala lugha ya kwao haikumpotea kijana. Aliiendeleza mtaani kwa watoto wenziwe, akaisema kama wao. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: tangu mkutano ule hakuisema tena nyumbani. Kila alipofika kizingitini aliuacha ulimi nje, kama mtu avuavyo viatu. Hata kwenye simu, miaka yote aliyokuwa mbali, mazungumzo yalikuwa yale yale. "Hamjambo?" "Hatujambo." "Haya." "Haya."

Kisha mama akafa. Profesa aliwasili baada ya mazishi, peke yake, akakaa juma moja.

Wakati huo macho ya Kasuku yalikuwa yameanza kumsaliti. Sindano ilichoma kidole mara nyingi kuliko kitambaa. Alitaka jambo moja tu duniani: mwanawe asirudi alikotoka, akae naye. Na kila siku, kibandani, alikuwa akijizoeza kulisema.

"Jana uliapa utamwambia," Fundi Saa akamsuta. "Haya, mimi ndiye Profesa. Kichwa changu ni kidogo, lakini nivumilie. Sema."

"Mwanangu," Kasuku akasema pasipo kigugumizi, "macho yanakwenda. Mama yako hayupo. Nyumba imenishinda. Kaa nami, japo mwaka mmoja."

"Umeona? Maneno yenyewe hayana hata mfupa. Nenda ukayaseme hivyo hivyo."

"Kwako yanatoka, ndugu yangu. Nikivuka mlango tu, yanarudi tumboni."

Nyumbani, baba na mwana walikaa wakitazamana magoti. Mmoja akikohoa, mwenzake naye hukohoa. Asubuhi moja Kasuku alijikaza kiume, akatamka: "Mwanangu."

Profesa aliinua kichwa kwa haraka ya ajabu, macho yamemtoka, midomo imefunguka. Kasuku akaogopa, kama mtu aliyebisha hodi akashangaa kufunguliwa.

"Kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea," akasema.

Profesa akainamisha kichwa. Akatafuta bisibisi, akakishughulikia kitasa kile hadi mchana, ingawa hakikuwa na kasoro yoyote.

Siku ya safari, Kasuku akiwa chumbani alisikia vicheko barabarani. Alisogea nyuma ya pazia. Mwanawe alikuwa amesimama na Fundi Saa, dereva na majirani kadhaa, akiwasimulia jambo huku akiiga sauti za watu, nao wanapiga mapaja kwa kucheka. Kasuku aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, imehamia kifua kingine. Alisimama pale hadi miguu ikamfa ganzi, akimsikiliza mtu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Profesa aliingia kuchukua sanduku, na sauti ikafia mlangoni. Wakapeana mikono. Gari likaondoka.

Kasuku alipofika kibandani, Fundi Saa alimtazama usoni, akaelewa.

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Na yeye hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

Fundi Saa aliiweka chini saa aliyokuwa akiifungua. "Mwanao ameachwa na mkewe. Anasema kazini huzungumza na ulimwengu mzima, ila akiingia kwake mdomo unajifunga wenyewe. Mwanamke wa watu alivumilia, akachoka kuishi na ukuta. Profesa aliniuliza kama wewe ungemtaka hapa. Nikamwambia, mwulize mwenyewe, baba ni wako. Akanijibu kwamba amejaribu juma zima."

Kasuku alikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia chini yake.

"Mpigie," Fundi Saa akasema. "Hajafika hata uwanja wa ndege." Hakungoja jibu, alibonyeza namba mwenyewe, akamtia simu mkononi.

"Baba?" sauti ikasema. Kisha kimya. "Baba, upo?"

Midomo ya Kasuku ilichezacheza. Kwa mbali ilisikika honi ya gari, na pumzi ya mtu anayengoja. Akamrudishia Fundi Saa simu.

"Zungumza naye wewe."

"Nimwambie arudi?" Fundi Saa akanong'ona, ameziba simu kwa kiganja. "Ni neno moja tu, Kasuku. Nitalisema mimi."

Kasuku akaiona akilini ile sebule na viti vyake.

"Arudi tufanye nini, mimi na yeye, ndani ya nyumba ile?" akasema. "Mwambie asafiri salama."

Fundi Saa akamwambia. Profesa akajibu kitu, Fundi Saa akamtania kuhusu kichwa chake, na wawili wale wakaendelea kuzungumza, hata mara moja wakacheka. Kasuku alisogea karibu na simu, akatega sikio, akaisikiliza sauti ya mwanawe mpaka ilipokatika.