Punje za Waliofika

Mimi nina mdomo, kwetu wote walilijua hilo. Mdomo huo ndio ulionifanya nijisifu mbele ya yaya, dada yangu mkubwa, kwamba chuoni tunajifunza kukadiria jambo ambalo hatuwezi kulipima lote. "Huwezi kuuliza watu wote," nilimwambia. "Unauliza wachache, hao wanakuonyesha wengine." Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa halipwi, chaki aliileta mwenyewe mfukoni, lakini akianza kufundisha alisahau njaa yake na yetu. Nilimpenda sana kwa hilo.

Yaya aliacha kupepeta. "Basi uniambie bwana yangu atarudi lini."

Mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, huko Panda. Mishahara ilipokatika, yeye na jirani wa mlango wa pili walipanda treni kwenda upande wa Kamina, na chumvi na sabuni za kubadilisha na mahindi. Zamani safari hiyo ilikuwa ya siku chache tu. Miaka ile treni ililala porini mpaka ipatikane mashine ya kuivuta, na watu walipika kando ya reli, wengine walizalia hapo hapo.

Nikaenda gare, kwenye kituo cha treni. Kila treni ilipoingia nilisimama mbele ya wanaoshuka na mifuko yao: wewe, uliondoka lini, umekaa safarini wiki ngapi? Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Wengi walijibu. Nyumbani nikapiga hesabu ya moyenne, ndivyo tulivyouita wastani, na mipaka yake miwili, wa chini na wa juu, kwa uhakika wa asilimia tisini na tano. Nikaenda kwa yaya kifua mbele.

"Moyenne iko kati ya wiki tano na wiki saba," nikatangaza.

Neno likatembea. Yaya alimwambia mke wa jirani, mke wa jirani aliwaambia wanawake kwenye bomba la maji, na kufika jioni kambi nzima ya wafanyakazi ilikuwa inasema kwamba hesabu imethibitisha: wiki saba zikiisha, hakuna mwanaume atakayekuwa bado njiani. Mimi nilicheka. Niliona ni maneno ya bombani tu.

Wiki saba zikaisha. Wote wawili hawakuonekana.

Asubuhi moja akaingia bulamu wa yaya, yaani shemeji yake, kaka mkubwa wa mume. Alikuja na vijana wawili na mikeka, na bila salamu ndefu wakaanza kutoa viti nje. Kwetu, viti vikitoka na wanawake wakikaa chini, hicho ni kilio, na kilio kikishawekwa, mwanamke ni mjane. Bulamu hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amechoka kungoja, na kilio angalau kina siku ya kwisha.

"Hesabu ya mutoto wenu njo imesema," akamwambia yaya. "Wiki saba zimepita. Tumulilie ndugu yangu."

"Minye sikuolewa na moyenne!" yaya alifoka, amekamata kiti kwa mikono miwili. "Niliolewa na muntu! Rudisha kiti yangu!"

Mawe, mama wee! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaniwaka. Nikachota mahindi kikombe kimoja, nikapiga magoti kwenye kona ya sebule, na nikaanza kupanga punje sakafuni. Kila punje, mtu mmoja niliyemuuliza. Wa wiki mbili hapa, wa tatu pembeni yao, wa nne, wa tano, hivyo hivyo mpaka ukutani.

"Bulamu, angalia! Ile tano mpaka saba ni mahali nilipoweka katikati ya wasafiri wote. Si mpaka wa kila mtu! Muntu mwenyewe anaweza kuwa huku, anaweza kuwa kule."

Akachutama. Kidole chake kikafuata punje mpaka ya mwisho, iliyokaa peke yake karibu na ukuta. "Na huyu?"

"Wiki kumi. Alishuka na mguu umevimba."

"Lakini alifika?"

"Alifika."

Mtu mzima yule akakaa chini kabisa, akalia kwa sauti, na yaya akalia naye. Baadaye akawaambia vijana warudishe viti ndani.

Mke wa jirani alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. "Hizi ni za wenye kufika," alisema polepole. "Wale wasiofika, uliwauliza wapi?"

Mimi, mwenye mdomo, nikainama nikanyoosha mstari wa punje uliokuwa umenyooka tayari.

Yaya akakataza watu kufagia kona ile. Pamoja na njaa yote iliyokuwa humo ndani, hakuna aliyeokota hata punje moja.

Mume wake alirudi wakati hata yaya alikuwa ameacha kuhesabu wiki. Alikuwa mifupa mitupu, na nusu mfuko wa mahindi begani. Yaya alimpiga ngumi kifuani, "Weye! Weye!", analia na kucheka pamoja. Tukamuuliza habari za mwenzake. Akasema jirani alishuka kutafuta maji, treni ikaondoka. Zaidi ya hapo hakujua.

Yaya akatoa punje mfukoni mle, akaiweka kupita ile ya mwisho, kwenye ukuta kabisa. "Na yeye umuhesabu," akaniambia. Nilifurahi jinsi ambavyo sijawahi kufurahia hesabu.

Nilipoinua kichwa, mke wa jirani alikuwa mbele yangu. Naye ameokota punje kutoka kwenye mfuko ule, iko katikati ya kiganja chake.

"Na yangu," akaniuliza, "niiweke wapi?"

Nikaangalia sakafu. Nikavikunja vidole vyake, kimoja kimoja, juu ya ile punje.

"Ishike kwanza, mama," nikasema. "Ishike tu."